Mashine ya Siku ya Kuhama

Mwanawetu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema nilimpiga kaka yangu kofi katikati ya mto, mbele ya wake za watu, kisha nikaing'oa mashine aliyokuja nayo na kuitupa majini. Anasema kofi lilisikika mpaka ng'ambo, ndege wakaruka mitini. Anasema mashine ilizama ikiwa bado inanguruma, na mapovu yakaendelea kutoka mpaka alasiri. Maneno hayo yameshafika Nyamisati, yameshafika na Kiongoroni, na kila yanakofika yanatiwa chumvi. Kuna mchuuzi wa dagaa aliyewahi kunisimulia mimi mwenyewe bila kujua kuwa ni mimi, na kwake yeye makofi yalikuwa mawili.

Siku ile Mwanawetu alikuwa kwake, mguu umevimba, ameulaza juu ya kinu. Kelele alizisikia kweli, hilo simnyimi. Mengine ameyapika.

Mimi nilikuwepo.

Chombo chetu watu walikiita chelezo. Marehemu baba, Mzee Shaabani, alikuwa amechukua mitumbwi miwili mirefu akaiweka sambamba, kama watu wawili wanaobeba kitanda cha mgonjwa. Juu yake akalaza boriti za mikoko, juu ya boriti akapanga mbao, na viungo vyote akavifunga kwa kamba ya nazi. Kilikuwa kipana, kizito, na hakikuwa na haraka. Ukikiona kwa mbali ungedhani ukumbi wa nyumba umeng'oka na unaondoka zake.

Nyumba zetu ziko upande huu wa Mtunda. Mashamba ya mpunga yako ng'ambo, kwenye visiwa vya udongo mweusi ambako mto unagawanyika kuelekea baharini. Mpunga ukianza kubeba, wanawake huhamia huko kabisa. Wanalala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wanafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Mavuno yakiisha wanarudi, na wanarudi wote siku moja. Mgeni hushangaa kwa nini wasirudi kidogo kidogo, wakapumzisha chombo. Ni kwamba hakuna anayetaka kubaki wa mwisho. Nyumba jirani zikihama, nguruwe wote wa kisiwa wanahamia kwa aliyebaki, na huyo hatavuna tena, atalia tu. Kwa hiyo siku ya kuhama kila kitu kinapanda pamoja: magunia, kuku, mikeka, sufuria, vinu, watoto, na bibi mmoja wa pembeni ambaye hataki kusogea hata kidogo.

Baba alipofariki, mama na mimi tulishika pondo. Mama alisimama mbele, mimi nyuma, tunasukuma miti yetu kwenye tope hatua kwa hatua. Tulikuwa tunavuka. Kisha kifua cha mama kikaanza kumbana, na baba mdogo Bwanaheri akaja kuketi barazani kwetu, akaweka kofia yake juu ya goti.

"Shemeji Sihaba," alimwambia mama, "mimi siwafukuzi kwenye mto. Lakini sasa watu wana maboti ya mashine. Atakayewasubiri nyie mkohoe mpaka ng'ambo ni nani? Siku ya kuhama ikifika na hamna mashine, mitumbwi tutaitenganisha. Mmoja wangu, mmoja wenu. Kule Kiongoroni wakata boriti wanaitaka."

 Mama aliinuka akaenda kuchungulia ugali, na jikoni hakukuwa na ugali.

Mtumbwi mmoja hauvushi kijiji. Unavusha mtu na kapu lake. Mitumbwi ile ikitenganishwa, mama angerudi kulima vibarua kwa kifua kile, na mimi ningeozwa kabla ya mvua. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kama nilivyokuwa nalijua jina langu.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Hata sisi tulioishia darasa la saba tulilijua neno hilo. Vitu vilivyokuwa vikifichwa chini ya kaunta vilitoka vikaning'inizwa njiani. Wanunuzi wa kamba waliingia na maboksi ya barafu mpaka ndani kabisa ya vijito, maji ya mto yakaanza kunuka petroli. Kaka yangu Amri alikuwa na meza ya mitumba Dar es Salaam, akirudi anavaa suruali yenye mifuko mpaka magotini. Na pale Nyamisati, Nasor alifungua banda la mashine za mkononi mwa watu, mashine kuukuu kutoka ng'ambo, akazitundika kwenye gogo moja moja kama mbuzi waliochunwa.

Mama aliandika kwa Amri kupitia mtu. Amri akaja, ameshakata shauri.

"Arobaini," alisema. "Mashine ya nguvu za farasi arobaini. Boti za Mafia zote zinafunga arobaini. Tukifunga arobaini hakuna wa kutugusa mto huu."

Mimi nilisema, "Kaka, sisi hatuendi Mafia."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alikuwa ananipenda, na ndiyo maana hakunisikiliza.

Lazima niseme nilikopata sikio langu. Nilipomaliza shule niliwekwa ndani, mwali, kama walivyowekwa mama na bibi. Chumba changu kilikuwa cha upande wa mto. Sikuruhusiwa kutoka mchana wala kuonekana na wanaume, na misimu ilipita juu ya paa bila mimi kuiona. Wenzangu wengine walisuka mikeka wakalia. Mimi nilisuka nikasikiliza. Maji yakijaa mto hunyamaza, yakitoka unasugua kingo, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umekufa, yanatoka kwa pupa mpaka mizizi ya mikoko inapiga mluzi. Juu ya sauti hizo zilipita mashine. Nilianza kuzitambua kama watu wanavyotambua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Ile inayolia kwa sauti nyembamba, juu juu, nikajua panga lake, lile linalozunguka chini ya maji, linakata hewa na chombo kiko palepale. Ile inayoguna chini, kama mtu aliyebeba gunia na hataki kuongea, nikajua inakwenda. Nilikuwa nikiisikia ikifika kwenye kona yetu, pale mto unapobana, maji yanayotoka yakiwa kifuani mwake. Nyingine zilipiga kelele hadi zikazimika. Nyingine zilipunguza sauti, zikapita. Mama alipokuja na chakula nilikuwa namwambia ni boti ya nani iliyopita na imebeba nini, na yeye ananitazama. Nilitolewa baba alipofariki, kwa sababu pondo mbili hazishikwi na mtu mmoja.

Kwa hiyo Amri aliposema arobaini, mimi niliisikia ile arobaini kwenye chelezo letu kabla haijafungwa, na sikuipenda.

Tulikwenda Nyamisati wote wawili. Nasor alikuwa mtu wa kanzu safi na kucha nyeusi kwa oili. Alitundika ile arobaini kwenye pipa la maji, akavuta kamba, ikanguruma, watoto wakaziba masikio. Amri akatikisa kichwa kwa furaha. Pembeni, imeegemea ukuta, niliona nyingine ndogo, ya kumi na tano, rangi imebabuka. Mguu wake wa kushuka majini ulikuwa mrefu kuliko wa ile arobaini, na panga lake lilikuwa na mabawa mapana kama masikio ya tembo.

"Ile je?" niliuliza.

"Ile ya kusukumia mizigo, binti," alisema Nasor. "Ilikuwa kwenye tishari la mtu. Haina mbio. Wenye mbio wote wameikataa."

Amri hata hakugeuka. Hakuona haya kuomba kuijaribu arobaini kwanza, na Nasor akakubali kwa sharti lake ambalo kila mtu pale alilijua.

"Kajaribuni. Ikirudi na kichwa hiki cha injini kikavu, tunazungumza. Ikirudi kichwa kimelowa maji haya ya chumvi, ni yenu, na mpunga wenu ni wangu."

Mpunga wetu wote, pamoja na alichochuma Amri mjini. Kusingebaki cha kununulia nyingine.

Watu wa Nyamisati hujaribu mashine maji yakiwa yamesimama, chombo kitupu, mbele ya banda ili waonekane. Njiani nikamwambia Amri tufanye tofauti. Tusubiri maji yatoke. Tupakie.

"Tupakie nini, na mpunga uko shambani?"

"Udongo," nikasema.

Wanawake walikuja kwa sababu walitaka kuona kioja, na nusu yao walikuja kwa sababu mama aliwaomba. Tulijaza magunia udongo wa mtoni. Salima, mke wa jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mnene na mcheshi, alikaa katikati akapanga khanga yake.

"Mimi peke yangu magunia mawili, shemeji Amri. Nihesabu vizuri, usije ukasema chelezo limetoboka."

"Wewe nitakuhesabu matatu," Amri akasema, wanawake wakashangilia.

Asubuhi ile, Amri alipokuwa akiifunga mashine kwenye ubao wa nyuma, mimi nilichukua kamba nikaizungusha chini ya shingo ya mashine, nikafunga ncha kwenye boriti. "Unaifunga kama ng'ombe," akasema. Nikamwambia ndiyo.

Kisha akavuta. Moshi ukajaa. Wanawake wakakimbilia mbele kuukwepa, na mbele kukazama, nyuma kukainuka. Mguu wa mashine ulikuwa mfupi. Panga likatoka karibu na uso wa maji, likaanza kukata hewa, ikalia ile sauti nyembamba niliyoijua tangu ndani. Chelezo lilikuwa halisogei. Maji yalikuwa yanatuchukua kinyumenyume kuelekea baharini.

"Inavuta! Subirini inavuta!" Amri alipiga kelele, akazungusha mpini mpaka mwisho.

Wimbi la boti la mnunuzi wa kamba likapita chini yetu. Nyuma kukashuka. Panga likauma maji, lote kwa mara moja, na nguvu ya arobaini ikatupiga mgongoni. Sijawahi kuona chelezo likiruka. Pua za mitumbwi zikaingia chini, maji yakapanda mbaoni mpaka mapajani mwa Salima, na kuku mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa nani akapita kichwani kwangu. Nikasikia kamba za baba zikilia. Mitumbwi miwili ilikuwa inaanza kuachana, kila mmoja na njia yake, na katikati nikaona maji ambapo hapakuwahi kuwa na maji.

Amri alikuwa ameganda. Mkono wake ulikuwa kwenye mpini, macho yake yalikuwa kwa wanawake, na alikuwa anazungusha upande usio wake. Nikapita mbele yake, nikaushika mpini juu ya mkono wake nikaurudisha. Kiwiko changu kilimpata shavuni. Hilo ndilo kofi.

Mashine ikazima. Lakini wimbi letu wenyewe lilikuwa linatufuata nyuma, likafika, likausukuma ubao. Ubao ukapasuka kwa sauti kavu. Arobaini ikainama kama mlevi, ikaanza kulala majini kichwa mbele. Kamba yangu ikaikamata shingo. Ikaning'inia, kichwa kiganja kimoja juu ya maji, kikishuka.

Nikaruka.

Tulikuwa karibu na ukingo, maji yakanifika kifuani, miguu ikazama kwenye tope mpaka magotini. Niliweka bega langu chini ya kile kichwa. Kilikuwa cha moto. Khanga yangu ilinikinga kidogo, bado alama ninayo begani. Nilikikumbatia kama unavyombeba mtoto aliyelala ambaye hutaki aamke, na nikasimama. Sikufikiria mamba. Nilifikiria kanzu safi ya Nasor.

"Vuteni!" mama alipiga kelele kutoka ukingoni, mama ambaye hakuwa amepaza sauti tangu kifua kilipoanza. Wanawake wakaishika kamba. Salima akawa wa kwanza kwenye mstari, amelowa, anatukana. Amri naye akashuka, akaja upande wa pili, akaweka bega lake karibu na langu. Hatukutazamana. Tukainua.

Hivi ndivyo nilivyoitupa mashine majini.

Kichwa kilirudi Nyamisati kikavu. Nasor alikizunguka kama mganga, akapitisha kidole chini ya kifuniko, akakilamba kidole. Alitafuta chumvi, hakuipata. Mguu umelowa, ndiyo, mguu kazi yake kulowa. Alinitazama bega, akatazama shavu la Amri.

Amri alikuwa amesimama mlangoni, kimya, na nilijua kwamba kimya kile kikiendelea ataondoka kwenda Dar jioni ileile, na mpunga ungebaki kuwa mpunga. Angeweza kusema chochote, hata kununua ileile arobaini ili asiwe ameshindwa. Wanaume wamefanya makubwa zaidi ya hayo kwa sababu ndogo zaidi.

"Kaka yangu," nilimwambia Nasor, "ameipima ile arobaini na mzigo wa kuhama. Ameona chombo chetu ni kipana, kinataka kusukumwa, hakitaki kukimbizwa. Na nyuma yetu ni juu, mguu mfupi haufiki. Sasa anataka kuijaribu ile yenye mguu mrefu."

Amri aligeuka taratibu. Akaingia ndani ya banda, akainama kwenye ile kumi na tano, akaligusa panga lake.

"Mabawa mapana," alisema, kama mtu anayejisomea. "Inazunguka polepole?"

"Polepole," Nasor akasema.

"Haya. Hiyo."

Tuliijaribu vilevile, na udongo uleule, maji yakitoka. Salima alikataa kupanda mpaka Amri alipoapa kwa Mungu mbele ya mama. Mashine ikawaka kwa mvuto wa tatu. Haikuruka, haikulia. Iliguna. Tukaenda mpaka konani, na pale mto unapobana ikashusha sauti zaidi, chelezo likasimama karibu kusimama kabisa, nikahesabu pumzi zangu, kisha mkoko mmoja wa ukingoni ukaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo, kama mtu anayeaga bila kutaka. Tukapita. Wanawake hawakushangilia. Walianza kuzungumza habari za mpunga, za nani ana magunia mangapi, na hapo ndipo nilipojua kwamba wamekwisha kuamini.

Siku ya kuhama, Bwanaheri alisimama bandarini na kofia yake mkononi, akatuona tukija na kisiwa kizima mgongoni, vinu, kuku, bibi yule wa pembeni. Alisubiri mpaka tumefunga. Akaja akapapasa zile kamba za baba, akabonyeza fundo moja kwa kidole gumba.

"Hizi zinahitaji kukazwa," akasema. Akazikaza mwenyewe, akaenda zake. Habari ya kutenganisha mitumbwi hatukuisikia tena.

Amri alirudi mjini. Mpini ukabaki kwangu, kwa sababu mama hakuwa na nguvu za kuvuta kamba ya kuwashia, na kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mwanzoni wazee wawili watatu walisubiri boti nyingine walipoona nyuma yuko mwanamke. Kisha jua likawa kali, wakapanda. Nilijifunza kusafisha plagi kwa sindano na kitambaa, kuchanganya oili, kupita juu ya fungu la tope bila kuliamsha. Mama akawa anakaa mbele kwenye kigoda, anapokea watu kwa jina. Alinenepa.

Msimu wa pili baada ya hapo, Amri akarudi na begi lake lote. Meza yake ya mitumba ilikuwa imekufa. Wauzaji wamekuwa wengi kuliko wanaovaa, alisema, akacheka, akalala muda mrefu mchana. Mama alifurahi kumwona, na aliona haya kufurahi. Jioni moja nilimsikia Bwanaheri barazani akisema kwamba nyumba ya Shaabani ina mtoto wa kiume na mashine inataka mwanamume. Mama akasema, "Amri ndiyo kwanza amefika." Amri mwenyewe alikuwa hapohapo, akajimiminia chai nyingine.

Kwa siku kadhaa alipanda nami. Hakukaa na abiria, alikaa nyuma karibu na tangi la mafuta, magoti yamekunjwa ndani ya ile suruali ya mifuko ambayo sasa ilikuwa imechakaa. Aliangalia mkono wangu. Niliona anavyoinamisha kichwa tunapokaribia kona, anatafuta kusikia ninachosikia. Mara moja alisema, "Imeshuka, eh?" nami nikamwambia ndiyo, imeshuka, na uso wake ukafunguka kama wa zamani, tulipokuwa wadogo.

Kisha ikaja siku ya kuhama. Bamvua, maji yanatoka. Chelezo lilikuwa limejaa mpaka pembeni, magunia ya kweli safari hii, mpunga mpya unanukia, Salima katikati na mtoto mchanga mgongoni. Mama mbele kwenye kigoda. Tuliachia ukingo, mashine ikaguna. Amri akasogea mpaka bega lake likawa karibu na langu.

"Maryam," alisema, kwa sauti ndogo ili wanawake wasisikie. "Niachie mimi leo, mdogo wangu. Tangu hapa mpaka nyumbani."

Alikuwa amenyoosha mkono. Ulikuwa umesimama kando ya wangu, kiganja wazi, hakigusi mpini. Nilijua leo hiyo haitaishia leo. Salima aliacha kumbembeleza mtoto akatutazama. Mama, kule mbele, hakugeuka, lakini mgongo wake ulinyooka.

Mikoko ya konani ilikuwa imeshaanza kupiga mluzi.